Siku moja kwenye mafunzo ya uongozi ya wakutubi, Iringa

Saa 11 alfajiri
Baridi ya Julai hapa Iringa naifahamu, ni ndugu wa ile ya kwetu Mbeya. Kinachotuamsha mapema ni maji ya moto. Bweni zima linagombea pipa moja, na anayechelewa anaoga ya baridi. Mwenzangu wa chumba, dada anayesimamia maktaba ya sekondari huko Njombe, ameshavaa sweta. "Kamwene, mdogo wangu." Naitikia, nachukua ndoo.

Nikiwa naaga kazini kuja huku, watu kadhaa waliniambia, "Haya, kale posho." Hawakusema kwa ubaya. Ni hao hao wanaoamini kwamba mkutubi analipwa kukaa karibu na vitabu na kunyamazisha watu. Ndiyo maana naandika siku hii jinsi ilivyokwenda.

Saa 1 asubuhi
Uji wa ulezi, viazi vitamu, chai. Saa 2 kamili mlango wa ukumbi unafungwa.

Saa 2 asubuhi
Mada ya kwanza ni tulikotoka. Mwezeshaji anaandika miaka kwenye bangokitita kwa kalamu rashasha: 1963, sheria iliyoanzisha bodi ya maktaba Tanganyika, Uhuru ukiwa bado mchanga. 1967, tarehe 9 Desemba, Mwalimu Nyerere anafungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam. Nilisoma haya zamani nikayajibu kwenye mtihani nikayasahau. Leo yameniingia. Nchi haikuwa na barabara za kutosha, haikuwa na madaktari wa kutosha, na bado kuna watu walikwenda mbele ya wenye fedha wakasema maktaba isisubiri. Lazima walijieleza vizuri. Chuoni nilifundishwa kuainisha na kuorodhesha vitabu, na kazi hiyo naijua vizuri. Kusimama mbele ya kamati ya fedha sikufundishwa na mtu.

Kisha akatuletea Ranganathan, mwalimu wa hisabati wa India aliyegeuka kuwa mkutubi, na kanuni zake tano za mwaka 1931. Ya kwanza inasema vitabu ni vya kutumika. Wengi huishia hapo. Mwezeshaji alitukumbusha kwamba chini ya kanuni hiyo hiyo Ranganathan alizungumzia mahali maktaba ilipojengwa, viti vyake, na saa inazofunguliwa. Nikaliwekea mstari neno la mwisho kwenye daftari langu, kwa sababu ndilo lililonileta.

Saa 4, chai
Ngoja nieleze nilivyofika hapa, maana wenzangu wengi wananiuliza. Maombi yalitaka wasifu, maelezo ya ukurasa mmoja kuhusu tatizo la maktaba yako unalotaka kulitatua, na barua ya mwajiri. Maelezo niliyaandika usiku, watoto wakishalala. Barua ndiyo iliyonitesa. Ilianzia masjala, ikawekwa kwenye jalada, jalada likalala kwa mtu aliyekuwa safarini, aliporudi ikaonekana haijapita kwa mtu mwingine, na mhuri ukawa umefungiwa kwenye droo ambayo ufunguo wake hauko ofisini. Nilikuwa napita kila mapumziko ya mchana kuulizia, hadi katibu muhtasi akawa ananiona mlangoni na kutikisa kichwa kabla sijamsalimia. Ilisainiwa siku ya mwisho, jioni. Kama unafikiria kuomba mafunzo ya namna hii, ipeleke barua siku ile ile unapoona tangazo. Maelezo yatakusubiri, saini haitakusubiri.

Saa 5
Igizo dhima. Kila mshiriki anaingia chumba cha pembeni peke yake, anatetea ombi moja la bajeti mbele ya "kamati" ya watu watatu. Mwenyekiti ni mzee mstaafu, kazi yake maisha yote ilikuwa fedha za serikali. Dakika tano. Tunaosubiri tunakaa kwenye benchi la korido, upepo unapita chini ya mlango.

Ombi langu ni kwamba maktaba ninayofanyia kazi isifungwe saa 12 jioni, iende hadi saa 2 usiku, Jumatatu hadi Ijumaa.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Anza."

Nimeanza, naye akachukua simu akawa anasoma ujumbe. Nimeendelea. Nilipomaliza akainua uso: "Watoto wote siku hizi wana simu. Vitabu vya nini?" Nikavuta pumzi nijibu, akasema muda umekwisha. "Nenda nje, ingia upya."

Nikarudi kwenye benchi, nyuma ya foleni. Najua ni igizo, lakini hasira niliyokuwa nayo haikuwa ya igizo. Swali lile nimeulizwa kwenye daladala, msibani, hata na watu wenye uwezo wa kusaini. Mwenzangu kutoka Songea alitoka ndani macho yamemwiva, akakaa bila kusema kitu.

Mara ya pili nilimjibu swali lake kabla hajaliuliza. Nilimweleza habari za mkulima wa viazi kutoka Uyole aliyekuja kwetu majani ya shamba lake yakiwa yameshika madoa meusi. Simu alikuwa nayo, nzuri kuliko yangu. Ilikuwa imempa majibu mengi yanayopingana. Nikampeleka rafu za namba 630, za vitabu vya kilimo, tukatafuta kitabu cha magonjwa ya viazi, akalinganisha picha na jani alilolileta kwenye mfuko wa nailoni, akapiga picha kurasa mbili kwa simu ile ile akaondoka. "Mzee, simu yake ndiyo iliyobeba ukurasa hadi shambani. Kilichokuwepo kwetu ni ukurasa wenyewe, na mtu wa kumwonyesha."

Akanitazama. "Huyo mkulima alikuja mchana. Wewe unaomba usiku."

Nje tena.

Nilipoingia mara nyingine nilikuwa sitaki tena kuongea sana. Nilimwekea mezani daftari la mahudhurio, nakala za kurasa nilizokuja nazo toka Mbeya. Safu ya kuingia ina saa tofauti tofauti: saa 9, saa 9 na nusu, saa 10 na robo, miandiko ya kila aina, wengi wao kidato cha nne na cha sita. Safu ya kutoka ni saa 12, saa 12, saa 12, toka juu hadi chini ya ukurasa. Nikafungua ukurasa unaofuata, saa 12. Unaofuata, saa 12.

"Hawa hawakuondoka, Mzee. Tuliwatoa."

Aliweka simu chini. Akapitisha kidole kwenye ile safu polepole, kama anayekagua hesabu za mtu.

"Wakitoka kwenu wanaenda wapi?"

Nikamwambia ninachokiona nikielekea nyumbani. Baadhi yao wanasimama chini ya taa za kituo cha mafuta kilicho barabarani, daftari limeegemezwa ukutani, mpaka mlinzi awafukuze. Wengine wanarudi nyumbani kwenye chumba kimoja chenye watu wengi na redio.

Kisha ikaja fedha, na hapo sikuyumba. Umeme: niliwahi kuandika uniti za LUKU kabla na baada ya wiki tuliyofungua jioni kwa ajili ya mitihani, kwa hiyo gharama ya taa niliijua. Watumishi: zamu mbili badala ya moja, anayeanza saa 4 asubuhi ndiye anayefunga usiku, hakuna malipo ya ziada. Mlinzi: mmoja wa kuongezwa.

"Mlinzi wa usiku mnaye?"

"Tunaye."

"Anaingia saa ngapi?"

"Saa 12."

Akachukua kalamu, akakata mstari wa mlinzi. "Usiniombe nilichokwisha kukulipia. Kesho asubuhi niletee ukurasa mmoja. Juu kabisa weka hiyo safu ya saa 12. Historia ya maktaba weka chini, au iache."

Mchana
Ugali, maharage, figiri. Nilikula bila kuonja. Dada wa Njombe alipitishwa mara ya kwanza tu, na hakujigamba hata kidogo. Alinihamishia kipande chake cha parachichi.

Baada ya hapo saa zilichanganyikana. Kulikuwa na kazi za vikundi kuhusu kumsahihisha mtumishi aliye mkubwa kwako kiumri. Kwetu huku huwezi kumwita mtu wa rika la baba yako ukamgombeza, hata kama anachelewa kufungua mlango wa maktaba, na tulibishana mpaka jua likazama bila kukubaliana. Bado naona njia ni kumwendea kwanza faragha, na kwa heshima, ila kumwendea kweli.

Katikati ya mjadala simu ikaita kutoka Mbeya. Kijana anayenishikia zamu hapati vitabu viwili vya historia ya Tanzania, namba 967.8, na msomaji amesimama kaunta. Nikamwelekeza kwa kunong'ona nikiwa dirishani: angalia toroli la vitabu vilivyorudishwa, tabaka la chini, upande wa kulia. Vilikuwepo.

Usiku
Mgongo unauma, macho yanawasha, na nimebandika soksi juu ya soksi. Nimeandika ukurasa nikaukata, nikauandika tena. Dada wa Njombe ameusoma akaniuliza kwa nini nimeweka "tunaomba kwa unyenyekevu mkubwa" mara tatu. Nimefuta mbili.

Safu ya saa 12 iko juu. Chini yake uniti za umeme, zamu, jumla. Kesho saa 2 asubuhi utakuwa mezani kwa Mzee. Jumatatu nikiripoti kazini napeleka nakala kwa mkuu wangu, na mstari wa mlinzi haumo.