Babu Aliyefukuliwa na Fundi wa Stima Mwenye Upanga

Mara ya kwanza nilipoitazama filamu iitwayo House II: The Second Story nilikuwa na umri wa miaka 11, nimeketi mkekani katika msana wa nyumba ya shangazi yangu mtaani Mkomani, Lamu, na binamu yangu, aliyekuwa amerudi kutoka Mombasa na deki ya video ya kuazima, alikuwa akitufasiria Kiingereza kwa namna ambayo sasa najua kwamba nusu yake aliitunga papo hapo. Shangazi alikuwa nyuma yetu akitia vito, vile vitundu vya nakshi, katika kofia, uso ameuinamisha kwenye sindano, na kila baada ya muda alitukumbusha kwamba yeye hatazami mambo hayo. Mwezi uliopita niliitazama tena, safari hii peke yangu na kwa utulivu, nikagundua kwamba karibu kila ninachokikumbuka kuhusu filamu hiyo ni maneno ya shangazi ambaye hakuwa akiitazama.

Ni filamu ya Marekani iliyotoka mwaka 1987, nayo ni mwendelezo kwa jina tu. Ile ya kwanza, House, ya mwaka 1986, iliongozwa na Steve Miner, na inamhusu mwandishi wa vitabu aliyepigana vita vya Vietnam, ambaye anahamia katika nyumba ya marehemu shangazi yake, nyumba ambamo mtoto wake alipotea. Ethan Wiley aliyeandika mchezo wa filamu hiyo ndiye aliyeandika na kuongoza ya pili, na Sean S. Cunningham alikuwa mtayarishaji wa zote mbili. Hata hivyo nyumba si ile, watu si wale, na hakuna anayetaja hata mara moja yaliyotokea kwanza. Jina lenyewe ni mzaha, kwa kuwa neno lake la mwisho kwa Kiingereza huwa ni hadithi na huwa pia ni ghorofa, kwa hiyo mtazamaji anaahidiwa hadithi ya pili na orofa ya pili kwa tiketi moja. Mtoto wa Lamu hahitaji kuelezwa sana mzaha huo, maana mambo ya orofani kwetu ni nadra kufanana na mambo ya chini.

Kisa kinaanza kwa kijana Jesse, anayeigizwa na Arye Gross, kuhamia katika jumba la kifahari ambamo wazazi wake waliuawa alipokuwa mchanga. Rafiki yake Charlie, anayeigizwa na Jonathan Stark, anamfuata huko, na wawili hao wanapopekua vitu vya kale wanaona picha ya babu wa babu yake Jesse akiwa na fuvu la bilauri, lile jiwe linalopitisha mwanga kama kioo, mbele ya hekalu la Waazteki, watu wa kale wa Meksiko. Jesse anapiga hesabu zake kwamba ikiwa fuvu halimo nyumbani, basi lazima limezikwa pamoja na mwenyewe. Usiku wanachukua vifaa vyao vya kuchimbia, wanaelekea kaburini.

Hapo ndipo shangazi aliposimamisha sindano.

Sisi watoto tulikuwa tumekwisha kujifunika shuka tukingoja maiti itoke, na ilipotoka, imekauka, nywele zimesimama, mikono inamkaba kijana shingoni, tulipiga mayowe kama ilivyotakiwa. Shangazi hakushtushwa na maiti hata kidogo. Kilichomshtua ni jembe. Alimwuliza binamu yangu mara mbili kama kweli lile ni kaburi la jamaa ya kijana mwenyewe au la mtu baki, na alipohakikishiwa kwamba ni la babu wa babu yake, alitikisa kichwa akasema, «Kilembwe kumfukua babu yake! Basi huyo maiti ana haki ya kumkaba.» Lugha yetu ina mpangilio mzuri wa jambo hili, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza, kila mmoja hatua moja mbali zaidi na mzee, na shangazi aliposema kilembwe alikuwa amekwisha kumpa Jesse cheo chake katika ukoo na kumhukumu kwa cheo hicho. Nilipoitazama sasa niliona kwamba filamu inakubaliana naye zaidi ya nilivyodhani, kwa sababu mara tu Jesse anapojitambulisha, yule mfu anamwachia na kumkumbatia. Tangu dakika hiyo, mambo yakiwa bado hayajafika mbali, filamu ya kutisha imekwisha, na kinachobaki ni filamu ya ukoo.

Mzee huyo, ambaye wote wanamwita Babu, ana umri wa miaka 170, na anaigizwa na Royal Dano, mwigizaji aliyezaliwa mwaka 1922 na kuzeekea katika filamu za kauboi, ambaye sauti yake ndiyo iliyotumiwa mwaka 1964 kwa sanamu ya Rais Lincoln inayosema, iliyotengenezwa na kampuni ya Disney kwa ajili ya maonyesho ya kimataifa ya New York. Uso wake hapa umefunikwa na ngozi ya bandia iliyotengenezwa na kikosi cha Chris Walas, ambaye mwaka huohuo wa 1987 alikuwa amepokea tuzo ya Oscar kwa kazi ya urembaji wa filamu nyingine. Mimi nimetazama waigizaji wengi waliozikwa chini ya mpira na rangi namna hiyo wakapotea humo kabisa. Dano hapotei. Kuna mahali ambapo Babu, aliyeamini miaka yote hiyo kwamba fuvu limemhifadhi kijana, anajiona kwenye kioo kwa mara ya kwanza, na kinachotokea usoni mwake hakichekeshi wala hakitishi. Ni huzuni ya mzee yeyote aliyesahaulika chumbani. Baadaye anakaa chini ya nyumba akisimulia visa vya ujana wake, vijana wamemzunguka, na mtu angeweza kuondoa ile ngozi ya bandia akabaki na baraza yoyote ya Lamu baada ya Alasiri.

Shangazi alikuwa na swali moja tu juu ya Babu: «Mbona hawakumsomea hitima? Mtu aliyesomewa hitima yake hana haja ya kutoka.» Binamu yangu, ambaye alikuwa ameanza kuchoka na kazi ya ukalimani, alijibu kwamba Wamarekani hawana hitima, na shangazi akasema kwamba sasa ameelewa.

Nimetafakari kwa nini filamu hii, ambayo kwa wengi ni upuuzi wa kupitishia jioni, iliingia kwetu bila kubisha hodi, na nadhani ni kwa sababu ya wazo lake la nyumba. Katika visa vingi vya aina hii mashetani ni wageni, wamevamia nyumba ya watu, na kazi ya mashujaa ni kuwatimua au kuhama. Hapa nguvu ya ajabu imewekwa ndani ya nyumba na mwenye nyumba, ili imfae yeye na jamaa zake. Pwani yetu inalijua jambo hilo kwa jina la fingo, yaani kago linalozikwa chini ya kizingiti au sakafu ili kuilinda nyumba, na vyungu vya namna hiyo vimepatikana hata katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kuchimbua magofu hayo mwaka 1948, aliandika kwamba mwanzoni alihisi kuna kitu au mtu anayemtazama kutoka nyuma ya kuta, asiye adui wala rafiki, anayengoja tu. Nilipoyasoma maneno hayo nilimkumbuka Babu papo hapo. Isitoshe, nyumba kamili ya mawe ya Lamu huwa na chumba cha ndani kabisa kiitwacho nyumba kati, ambamo maiti huoshwa kabla ya kupelekwa makaburini, kwa hiyo aliyezaliwa katika nyumba kama hizo amelala maisha yake yote kuta mbili au tatu kutoka mahali walipopita wafu wake. Hatusemi kwamba nyumba ina mizuka. Tunasema ina wenyewe.

Tofauti iko katika nafasi. Vyumba vyetu hufuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, hivyo upana wake hauzidi mita tatu au karibu na hapo, na kitanda cha samadari kikiwekwa, hapabaki pa kufanyia vituko. Katika jumba la Jesse mtu anafungua mlango akakuta msitu wa zama za mijusi mikubwa. Nguvu ya fuvu imefungua vyumba vya nyumba kwenye nyakati nyingine, na kila mwenye tamaa wa kila zama anapita humo kuja kuliiba: mtu wa kale mwenye misuli anatokea katikati ya sherehe ya Halloween, kisha Waazteki wanalitaka, na nyuma ya wote kuna Slim, kauboi mfu aliyekuwa mshirika wa Babu kabla ya kuwa adui wake. Jengo linaloonekana kwa nje ni Stimson House ya Los Angeles, lililojengwa mwaka 1891 kwa mawe mekundu kama ngome, na wakati filamu inapigwa lilikuwa mali ya masista wa Kikatoliki, jambo ambalo shangazi angelipenda sana. Na kwa kuwa nimefika kwenye vitu visivyo kama vinavyoonekana, mafuvu ya bilauri yaliyomo katika makumbusho makubwa ya Ulaya, likiwemo lile ambalo British Museum ililinunua mwaka 1897, yalipochunguzwa yalionekana kuwa na alama za magurudumu ya kusagia ambayo Waazteki hawakuwa nayo. Babu, maskini, huenda alikufa kwa ajili ya kazi ya sonara wa Ulaya.

Lakini sehemu ambayo ningemwitia mtu kutoka jikoni aje aione ni ile ya fundi. Nyumba imeingiwa na vurugu, fuvu limechukuliwa, vijana hawajui la kufanya, na mlangoni anasimama fundi wa umeme aliyekuja kukagua nyaya. Jina lake ni Bill, anaigizwa na John Ratzenberger, ambaye watazamaji wa wakati huo walimjua kwa mchezo wa televisheni uitwao Cheers, alikotoka pia George Wendt wa filamu ya kwanza. Bill anatoboa ukuta, anachungulia, anapapasa, kisha anawaeleza, kwa sauti ileile ambayo fundi hukwambia kwamba swichi imeungua, kuwa humo ndani kuna ulimwengu mwingine. Hashangai. Amewahi kuona nyumba kadhaa za namna hiyo. Anafungua sanduku lake la vifaa, anatoa upanga, na kuwaongoza ukutani hadi kwenye hekalu ambamo msichana yuko karibu kuchinjwa kafara. Kazi ikiisha, anaaga kama mtu aliyebadilisha fyuzi.

Mzaha huu unafaulu kwa sababu fundi hakunjui uso hata mara moja, na kwa sababu kila aliyewahi kuwa na nyumba kuukuu anamjua mtu huyo. Mwaka juzi shangazi alileta fundi kutazama kwa nini taa za orofani zinazima zenyewe, na mimi na binamu yangu tulisimama nyuma yake wakati akipekecha ukuta ule mnene wa mawe ya matumbawe, chokaa ikimwagika kama unga hadi kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Aliingiza mkono, akatulia, akatutazama. Binamu yangu akamwuliza, kwa adabu zote, kama amekuja na upanga. Fundi alijibu kwamba amekuja na testa na bisbisi, na kwamba nyaya zote zilizomo ni za kubadilishwa, na bei aliyoitaja ilitutisha kuliko filamu zote mbili.

Kasoro ziko, na siwezi kuzifunika. Kate na Lana, wachumba wa wale vijana, wanatoka katika kisa kana kwamba mwandishi amewasahau kwenye gari, na yule msichana aliyeokolewa kwenye kafara anakaa mezani na kila mtu bila kupewa hata sentensi moja ya maana. Kanuni za fuvu hubadilika kila linapohitajika. Bill Maher, katika nafasi ya bosi mwenye majivuno, anaonekana kama ametoka filamu nyingine. Slim anatajwa kwa hofu tangu mwanzo, lakini anapofika kwa kweli muda umekwisha, na mapambano yake na Jesse yanaharakishwa kuelekea jangwa la kauboi ambako Babu, aliyepigwa risasi, anazikwa kwa mara ya pili, safari hii na jamaa zake wamesimama hapo.

Shangazi alikata uzi kwa meno maziko hayo yalipoonyeshwa, akakiri kwamba sasa mambo yamekuwa kama inavyotakiwa. Sisi tulidhani amemaliza. Binamu yangu alikuwa akirudisha kanda nyuma, deki ikilia, ndipo shangazi alipouliza habari za yule mnyama mwenye mwili wa kiwavi na kichwa cha mtoto wa mbwa, ambaye vijana walitoka naye katika chumba cha msitu pamoja na kinda la mjusi mwenye mbawa, na ambaye kwa kweli ndiye kiumbe bora kuliko wote katika filamu nzima, kwa jinsi anavyojikunyata na kulamba nyuso za watu.

«Kwani ulikuwa ukitazama, shangazi?»

«Sikutazama. Nauliza wamemlisha nini, maana sikuona mtu hata mmoja akimpa chakula.»

Binamu yangu alifikiri kidogo, kisha akamfasiria kwamba walimpa mkate wa mofa na samaki, na shangazi akaridhika.