Siku moja na mashine ya eksirei mitaani Mbeya

Saa 11 alfajiri nishaamka, mvua imepiga usiku kucha na baridi ya Mbeya ndo hiyo. Kabla ya chai nacheki chaji ya mashine na ya ditekta, lile bamba linalopokea picha, maana kuna nyumba unafika umeme umekatika tangu jana. Aproni za madini ya risasi, za kukinga mionzi, kwenye gari, beji ya kupima mionzi kifuani, twende.

Forest, mzee mwenye kiharusi, picha ya kifua. Soweto, kifua tena. Saa 4 tushamaliza.

Saa 5 Uyole. Bibi kaanguka juzi, hanyanyuki. Gari halipiti kwenye tope ikabidi mimi na dereva tubebe masanduku, tunafika tunahema, mwanae kasimama mlangoni hatupishi. Eti mionzi si itabaki kwenye godoro? Wajukuu wanalala humo. Nikamwambia kaka, eksirei ni kama taa, ukizima hakuna kinachobaki. Akaridhika, akahamia kwenye bei, akitoka hapo anauliza kwa nini tusimpakie tu kwenye bajaji, na ndugu wamejaa chumbani hawataki kutoka, naeleza kwamba ukiongeza umbali mara mbili mionzi inapungua mpaka robo, ndo maana nawaomba mkae uani, sio dharau. Nusu saa imeisha hivyo jamani na bibi anagugumia tu.

Kuhusu bajaji nilimwonyesha mguu: wa kulia umekuwa mfupi na unyayo umegeukia nje. Huyo umrushe kwenye mashimo mpaka mjini, akae foleni, halafu aambiwe nenda hospitali nyingine?

"Mwagonile bibi," nikamsalimia kwa lugha ya kwao. Akatabasamu kidogo. Ditekta ina baridi, nikaifunga kwenye khanga yake nikaipasha na viganja kwanza. Picha ya ubavuni watu wanadhani lazima umgeuze mgonjwa, hapana, unanyanyua ule mguu MZIMA, usioumia, unauweka juu ya mito, mionzi inapita chini yake kutoka pembeni, unaouma hauguswi. Wanaotuita wapiga picha tu hiki hawakioni.

Shingo ya mfupa wa paja imevunjika, daktari kathibitisha kwa simu. Nyumbani hatufanyi upasuaji, ila sasa bibi anahamishwa mara moja tu, kalala, moja kwa moja kwa daktari wa mifupa ambaye picha tayari anayo. Mwanae ndo akatubebea masanduku mpaka garini, na bibi huku ndani anasema ndaga, ndaga, yaani asante.

Kula tumekula jioni. Iyunga kuna mama wa kitandani anatusubiri, simu inaita, mgongo unauma, betri imebaki kidogo, nikamwambia dereva tupite Mwanjelwa tuchaji kwanza.