Mota iliyokosa upande

Mwaka 2009 mjomba alinunua mashine ya randa kwa mtu aliyekuwa anafunga karakana yake. Kwetu, nje kidogo ya mji wa Morogoro, umeme ulikuwa wa fezi moja, ule wa kawaida wa nyumbani, na mota ya ile randa ilitaka fezi tatu. Kuvuta laini ya fezi tatu kulihitaji nguzo, na gharama yake ilizidi bei ya mashine yenyewe. Mtaani wakatuambia tuipeleke kwenye chuma chakavu.

Mjomba akamwita mzee mmoja anayesuka mota. Kwanza alifuta kibati cha mota kwa kitambaa, akasoma: kilowati 2.2, volti 230/400.

"Bahati yenu," akasema. "Ingekuwa 400/690, umeme wa nyumbani usingeitosha; ningewaambia muiuze."

Akavua mkanda, akafungua kisanduku cha nyaya, akabadili miunganisho ya koili kutoka staa, inayofaa volti 400, kwenda delta, inayofaa 230, kisha akaleta nyaya mbili tu za umeme. Kuwasha, mota ikavuma palepale; shafti haikusogea. Akazima upesi, akaviringisha kamba kwenye puli, akaivuta na kuniashiria niwashe. Ikazunguka! Akazima, akavuta kamba kwa upande wa pili. Ikazunguka kinyume, kwa kasi ileile. Nilibaki mdomo wazi.

"Umeona, mwanangu? Uhai inao. Haijui tu ielekee wapi. Fezi moja inavuta na kuachia mahali palepale. Zikiwa tatu zinapokezana, kila moja inamfuata mwenzake kwa theluthi ya mzunguko, ndipo sumaku ya ndani inazunguka."

Waya wa tatu ungepata umeme wake kupitia kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme kwa muda na kusogeza mapigo yake yasipige pamoja na yale mengine. Hesabu yake ilikuwa mikrofaradi 70, kipimo cha kapasita, kwa kila kilowati, hivyo akafunga kapasita tatu za 50 kwa sambamba, zote za volti 450. Kapasita nyingine, za kuwashia tu, akaziweka kwenye swichi ya kubonyeza, unayoiachia mota ikishashika kasi. Na kila kabla ya kuzigusa, hata umeme ukiwa umezimwa, alizigusisha kwanza nyaya za balbu. Balbu iliwaka kidogo, ikazimika. Jambo hilo nalisisitiza kwa kila kijana ninayemfundisha, kwa sababu kapasita iliyojaa inaweza kuua mtu mashine ikiwa imezimwa kabisa.

Siku hizi ningemshauri mjomba anunue inveta ya mota, inayopokea fezi moja na kutoa tatu kamili. Wakati ule kwetu hatukuwa nayo.

Tukaleta ubao wa mninga. Mjomba akapanga kula milimita tatu. Mota ikalemewa, sauti ikazama. Mzee akainua mkono.

"Hapa mna theluthi mbili ya nguvu yake. Kula milimita moja, rudia."

Akashusha hadi moja. Ubao ukapita bila kusita, ukatoka laini, na wiki hiyohiyo tukaanza oda ya milango iliyokuwa imekwama. Kazi iliongezeka mizunguko, na mjomba akaanza kukataa mbao zilizopasuliwa nene kupita kiasi.