Kaunta buku langu, baiskeli ya bluu na namba ya PReM

Kama yupo anayeamini kwamba kufuatilia matokeo ya mitihani ya shule zetu za msingi ni kazi ya kompyuta, aje huku juu kwenye Uwanda wa Makonde nimwoneshe kaunta buku langu. Ni daftari nene la kwaya tatu, jalada limeliwa na mchwa upande mmoja, kurasa za katikati zina alama ya chai. Humo ndani mna watoto mia nne na ushee wa shule saba za kata moja, tangu walipofanya upimaji wa darasa la nne mwaka 2020 mpaka walipofanya mtihani wa kumaliza darasa la saba Septemba 2023. Najisifu? Najisifu. Kwa jinsi nilivyoteseka nalo, nina haki.

Mimi ni mwalimu wa taaluma. Afisa Elimu Kata wetu ndiye aliyenitwika mzigo huu mwanzoni mwa 2021, matokeo ya darasa la nne yalipotoka. Alikuwa amechoka kuulizwa kila kikao swali lile lile, "kata yenu inapanda au inashuka?", akijibu kwa kukohoa. Akaniambia, "Mwalimu, wewe unapenda hesabu. Tafuta namna."

Namna ya kwanza ilikuwa ile ya kila mtu: wastani wa shule. Unaingia kwenye tovuti ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, unachukua wastani wa kila shule, unaupanga juu chini, unabandika ukutani. Ilinichukua jioni moja na bando la elfu moja. Nikachora na vimshale, na mwezi mzima nilitembea kifua mbele.

Aliyenitoboa ni mwalimu mkuu wa shule ndogo kuliko zote, mzee wa maneno machache. Shule yake ilikuwa imeruka kutoka mkiani hadi nafasi ya pili. Nilipompongeza akacheka. "Mwalimu, mimi nina watoto kumi na nne. Wawili waliokuwa wananiangusha wamehamia kwa shangazi yao Masasi. Nimepanda kwa basi." Nikakaa kimya. Nilipopitia madaftari ya mahudhurio ya shule nyingine nikakuta mambo ni hayo hayo. Shule moja wastani wake ulipanda kwa sababu watoto kadhaa dhaifu hawakutokea siku ya mtihani. Nyingine ulishuka kwa sababu walikazana wakawarudisha watoro wote darasani! Aliyefanya kazi kaonekana mzembe, mzembe kaonekana shujaa. Nikabandua karatasi yangu usiku.

Ndipo nikaamua kuacha shule na kumfuata mtoto. Kila mtoto mstari wake, kila mtihani safu yake: upimaji wa darasa la nne, mitihani ya muhula, ya mwisho wa mwaka, mock, na mwisho darasa la saba. Kwa kuwa matokeo ya NECTA yanayotangazwa yanakupa herufi tu na siyo alama, nilizigeuza herufi kuwa namba: A tano, B nne, C tatu, D mbili, E moja. Na yetu ya kata, ambayo alama tunazo wenyewe, nayo nikaishusha kwenye herufi kwa mizani ile ile ya 50 kwa kila somo: 41 na kuendelea ni A, 31 hadi 40 B, 21 hadi 30 C, 11 hadi 20 D, chini ya hapo E. Masomo ni sita, kwa hiyo jumla 300. Wazazi wengi bado wanazo kichwani zile 250 za enzi ya masomo matano, ukimwambia mtu mwanawe kapata 150 anadhani kavuka nusu kwa mbali. Jambo dogo, ila limenipotezea saa nyingi kwenye vikao.

Sasa baiskeli.

Desemba 2021, watoto wangu wakiwa wamemaliza darasa la tano, kikao cha wadau wa elimu kilikuwa Jumamosi. Afisa mmoja aliyewahi kututembelea alikuwa amenisisitizia kwamba daftari ni ushamba, niweke kwenye Excel, "utabonyeza tu, itajipanga yenyewe." Basi nikapanda bodaboda hadi steshenari ya mjini, kama elfu nne kwenda, nikamlipa kijana wa pale elfu moja na kitu kwa saa, nikaingiza majina kwa mpangilio wa alfabeti, pembeni nikaweka jumla za mtihani wa Novemba. Saa tatu nzima. Ikabaki kupanga wa kwanza hadi wa mwisho. Nikaweka kivuli kwenye safu ya jumla, nikabonyeza. Programu ikaniuliza kitu kwa Kiingereza, kama nataka kutanua eneo au kuendelea na nilichochagua. Mimi, kwa woga wa kuharibu kazi ya saa tatu, nikachagua kuendelea na nilichochagua. Ikajipanga. Ikapendeza kweli! Nikachapa nakala kumi.

Msomaji mwenye akili ameshaona. Alama zilijipanga kutoka kubwa hadi ndogo, majina hayakusogea hata hatua moja. Kwa hiyo wa kwanza kwenye kata akawa Abdallah fulani, wa pili Abdallah mwingine, akafuata Abdul, Amina, Asha, Athumani... na mkiani kabisa wakina Zainabu na Zuhura. Nilisimama mbele ya mwenyekiti wa kijiji, wajumbe wa kamati za shule, shehe na walimu wakuu saba, nikasoma orodha ile kwa sauti ya kiongozi wa maulidi. Hakuna aliyeshtuka. Watu na elimu zetu, mimi nikiwa kinara, tulisikiliza wakina A wote wamefaulu na wakina Z wote wamefeli, tukapiga makofi.

Yule Abdallah wa kwanza, ambaye kuanzia hapa namwita Mwenye Baiskeli, Novemba hiyo alikuwa porini anaokota korosho na baba yake. Alikuja shule siku moja kati ya mbili za mtihani. Baba mtu alisimama kikaoni machozi yanamlenga. Malipo ya mnada wa korosho yalikuwa yameingia wiki ile. Jumatatu yake akashuka mjini akanunua baiskeli, ya bluu, mpya, yenye kengele.

Kosa lilivumbuliwa na mama wa Zuhura. Alikuja kwangu alfajiri, kanga mbili, na mitihani ya mwanawe iliyosahihishwa ameifunga kwenye pindo kama pesa. Akaifungua mmoja mmoja mezani kwangu. "Mwalimu, shikamoo. Hii hapa Hisabati, 44, wino wako mwekundu. Nimekuja kuuliza umeipeleka wapi." Nilichukua ile karatasi yangu nzuri, nikaitazama kwa mara ya kwanza kwa macho ya mtu, nikaona alfabeti. Nilitaka ardhi ipasuke.

Kumwomba radhi mama Zuhura kulikuwa kugumu, lakini kwenda kwa baba wa Mwenye Baiskeli ndiko kulikoninyima usingizi. Nilipofika alikuwa chini ya mkorosho anatengeneza jembe. Nikamweleza yote. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Baiskeli imeshanunuliwa, mwalimu." Akaendelea na jembe. Kuanzia siku hiyo kila nikikutana na ile baiskeli njiani, madumu manne ya maji yamening'inia, inapigiwa kengele kwa nguvu ili nipishe. Ninapisha.

Nikarudi kwenye kaunta buku. Kama unatumia Excel, chagua jedwali lote, siyo safu moja. Mengine sina.

Pigo lililofuata lilikuja Januari 2022, na hili halikuwa la uzembe wangu. Shule zilipofunguliwa niliita mahudhurio darasa la sita, nusu ya wavulana wakanikodolea macho. Ninaita jina, kimya. Naita tena, mtoto yupo mbele yangu namjua, kimya. Mmoja wa nyuma akanisaidia: "Mwalimu, huyo haitwi hivyo tena." Likizo ya Desemba walikuwa wamepelekwa jandoni. Wametoka na majina mapya, na huku kwetu ukimwita mtoto jina la kabla ya jando unamtukana, yeye na waliomfundisha. Wenzangu wawili wageni kutoka mikoa mingine walitaka kuwachapa kwa utovu wa nidhamu, nikawavuta pembeni.

Lakini kaunta buku langu lilikuwa limekufa. Mitihani ya Machi ikaja na majina mapya, nikawa na watoto waliopotea na watoto waliodondoka kutoka mbinguni. Nilijaribu kubahatisha kwa mwandiko. Nilijaribu kwa majina ya baba, nikagundua kijiji kizima kina baba watano tu wa majina. Nikapewa ushauri na mwenzangu mmoja kwamba nianze upya tu mwaka huo, "kwani nani atajua?" Ushauri wa namna hiyo ndio unaotufanya kila mwaka tuwe tunaanza upya.

Dawa ilikuwa puani. Kila mtoto aliyesajiliwa ana namba ya PReM, ile ya mfumo wa NECTA wa kumbukumbu za wanafunzi. Mtoto akihama inahama naye, akikariri darasa inabaki, na jando haliigusi. Tena ipo hata kwenye ukurasa wa matokeo, tulikuwa tunairuka kwa macho kama tangazo. Mwezi mzima nilizunguka shule saba nikinakili namba, jioni baada ya vipindi. Mahali ambapo namba ilikosewa niliwatumia akina bibi. Hakuna kumbukumbu huku inayoshinda ya bibi: "Huyu ndiye yule aliyekuwa anaitwa vile, aliyeumwa na nge mwaka wa korosho nyingi." Namba kwenye safu ya kwanza, jina kwa penseli. Ukitaka kulifuta, lifute.

Baada ya hapo daftari likaanza kuniambia mambo. La kwanza lilinishangaza mwenyewe: kila mwaka, shule zote, alama zinapanda Juni na zinaanguka Novemba, Hisabati ikianguka zaidi. Tulikuwa tunawasema walimu wa Hisabati muhula wa pili, kumbe ni korosho. Ukilinganisha Juni na Novemba huku kwetu unalinganisha shamba na ghala. Sasa nalinganisha Novemba na Novemba basi. Na hao wa 2020, msisahau shule zilifungwa katikati ya Machi kwa corona, zikafunguliwa mwisho wa Juni, hivyo herufi zao za darasa la nne ni za chini kuliko walivyostahili. Ukiwaona wamepanda sana baadaye usikimbilie kujipongeza. Mimi nilikimbilia.

La pili, mitihani yetu ya kata haina fomu za kusiliba, zile za kujaza viduara kwa penseli. Mtoto anaandika herufi kwenye karatasi ya daftari, tunasahihisha. Septemba anakutana na fomu ya OMR, inayosahihishwa na mashine, penseli inatetemeka, anasiliba swali la kumi na mbili kwenye mstari wa kumi na tatu na kuendelea hivyo hadi mwisho. Kwenye mock ya 2023 nilimwona hivyo msichana mmoja ambaye kwenye kaunta buku langu alikuwa na B tupu miaka mitatu. Tulichora fomu za mfano kwa rula, tukatoa kopi. Rimu moja, wino, sijui, elfu ishirini hivi zikitoka kwenye mifuko yetu.

Kuna afisa mwingine alipoliona daftari akafurahi kwa sababu isiyonifurahisha. Akasema, sasa unawajua wenye D za juu, 18, 19, 20. Wakalie hao tu, wakifika 21 wanaingia C na kata inang'aa, wenye E achana nao. Sikatai, nilijaribu wiki tatu. Wale wa E waliona wenzao wanabaki jioni wao wanaambiwa waende nyumbani, wakaenda kweli, na asubuhi hawakurudi. Nikaacha. Tangu Januari 2023 NECTA wenyewe wameacha kutangaza kumi bora, sisi bado tunaulizana vikaoni "tumekuwa wa ngapi?"

Matokeo ya hao watoto yalipotoka Novemba 2023 nilijaza safu ya mwisho kwa kalamu ya bluu, siku mbili, simu ikichajiwa kwenye sola ya duka. Wengi walipanda hatua moja kutoka darasa la nne. Zuhura alipata A, na mama yake alinitumia mfuko wa ming'oko bila ujumbe wowote. Mwenye Baiskeli: darasa la nne D, darasa la saba D. Katikati, Novemba 2021, kuna sehemu niliyofuta hadi karatasi ikatoboka.

Mwaka 2027 darasa la sita la mtaala mpya na la saba la mwisho watamaliza kwa pamoja. Nimeshanunua kaunta buku jingine, kwaya nne. Wiki iliyopita nilikuwa nalibeba barabarani, kengele ikalia nyuma yangu, nikapisha.