Nilimcheka mpanda ngamia

Kazini kwetu kulikuwa na mzee mmoja, aliyenizidi kama miaka ishirini, aliyeweka kisanamu cha ngamia juu ya meza yake. Ukimuuliza cha nini, alijibu kuwa ndiyo nembo ya lugha yake. Lugha yenyewe ni OCaml, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Sikuwa nimewahi kuisikia. Nikamuuliza ni akina nani wengine wanaoiandika.

"Wachache, mdogo wangu," akasema. "Ila wakishaishika hawaachii."

Nilimweka moja kwa moja kwenye kundi la watu wanaoshabikia timu isiyopanda daraja miaka nenda miaka rudi. Kwenye kompyuta yangu nilikuwa na lugha inayojulikana na kila mtu, maktaba za kila kitu, yaani vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa na wengine, na majibu ya kila swali yamejaa intaneti. Ngamia wa nini?

Kilichonivuta ni aibu. Nilikuwa nimeandika programu ya ripoti za malipo. Kila oda ilikuwa na hali yake, na hali hiyo niliihifadhi kama neno tu: inasubiri, imelipwa, imeghairiwa. Mahali fulani kwenye msimbo nilikuwa nimeandika hivi: kama inasubiri, iache, kama imeghairiwa, iruke, vinginevyo, ijumlishe kwenye mapato. Hiyo "vinginevyo" ndiyo iliyoniponza. Miezi kadhaa baadaye tukaongeza hali ya nne, oda iliyorudishiwa pesa. Nilibadilisha kila mahali nilipopakumbuka. Nilipopasahau, programu iliendelea kuhesabu pesa zilizokwisha kurudi kwa wenyewe kana kwamba bado ni zetu. Haikuanguka wala haikulalamika. Majaribio yote yalipita, maana hata majaribio niliyaandika mimi huyo huyo msahaulifu. Aliyeligundua kosa, wiki tatu baadaye, ni mhasibu, mtu asiyejua programu hata chembe ila anajua hesabu zake.

Mzee hakunicheka. Aliuliza swali moja tu: "Kompaila yako ilijua kuna hali ngapi?"

Nikamwambia haijui. Kompaila ndiyo programu inayosoma msimbo na kuugeuza uwe kitu ambacho kompyuta inaweza kukitekeleza, na kwake yale ni maneno tu, hata ningeandika "embe" ingelipokea.

"Basi ulikuwa unafanya kazi mbili, yako na yake."

Usiku ule nikapakua OCaml. Nisiseme uongo, wiki ya kwanza niliichukia. Niliandika `3 + 2.5` ikanikatalia. Alama ya `+` ni ya namba kamili pekee. Ukitaka desimali unaandika `+.` yenye nukta, na hiyo 3 yenyewe uiandike `3.`. Haikubadilishii chochote kimyakimya. Nikajiuliza ni lugha gani hii isiyojua kujumlisha. Kisha kigeu, yaani jina unalolipa thamani, hakibadiliki ukishakipa thamani, isipokuwa uombe waziwazi kiwe cha kubadilika. Mizunguko ya kurudiarudia amri niliyoizoea ipo, lakini wenyeji wake hawaitumii sana. Wanaandika funksheni, yaani kipande cha programu chenye kazi yake moja, inayojiita yenyewe, au wanapitisha funksheni moja ndani ya nyingine. Nilikaa jioni nzima nikijumlisha orodha ya namba, kazi ambayo kwa lugha yangu ya zamani ningeimaliza huku naongea na simu.

Baadaye ndipo nilipoelewa ukali huo umetoka wapi. Babu wa lugha hii ni ML, iliyotengenezwa Edinburgh miaka ya 1970 na Robin Milner na wenzake, iwe chombo cha kuendeshea programu ya kusaidia kuthibitisha nadharia za hisabati. Mfumo wa aina, yaani kanuni zinazosema kila thamani ni ya aina gani na inaruhusiwa kutumika wapi, ndio uliolinda mlango: usingeweza kughushi nadharia ukaipitisha kama iliyothibitishwa, kwa sababu kompaila haikukupa njia ya kuitengeneza isipokuwa kwa kanuni zilizoruhusiwa. Wafaransa wa INRIA, taasisi ya utafiti wa kompyuta, wakaichukua familia hiyo, wakatoa Caml mwaka 1987, kisha Objective Caml mwaka 1996, ambayo ndiyo OCaml ya leo. Kilichozaliwa kulinda uthibitisho wa hisabati kisingenionea haya mimi na desimali zangu.

Ajabu ni kwamba ukali wote huo hauna maandishi mengi. Sikulazimika kutaja aina ya kila kitu. Unaandika funksheni, kompaila inaisoma na kutambua yenyewe kwamba hii inapokea orodha ya namba na kurudisha namba. Ni kama mwalimu asiyekulazimisha kuandika jina kwenye daftari kwa sababu anautambua mwandiko wako.

Wiki ya tatu niliamua kuiandika upya ile programu ya ripoti. Hali za oda zikawa hivi:

```
type hali =
  | Inasubiri
  | Imelipwa of int
  | Imeghairiwa of string
  | Imerudishwa of int
```

Maana yake: hali ni moja kati ya hizi nne, hakuna ya tano. Iliyolipwa lazima ije na kiasi chake, iliyoghairiwa lazima ije na sababu. Huwezi kuwa na oda inayosubiri lakini ina kiasi kilicholipwa, kwa sababu hakuna pa kukiandika. Na hesabu ya mapato ikawa hivi, kushoto hali, kulia kiasi cha kujumlisha, na `_` ikishika kiasi au sababu nisiyoihitaji:

```
let mapato = function
  | Inasubiri | Imeghairiwa _ -> 0
  | Imelipwa kiasi -> kiasi
  | Imerudishwa _ -> 0
```

Ikaenda vizuri, nikaridhika, lakini bado sikuwa mpenzi. Mapenzi yalikuja miezi miwili baadaye, siku tulipoamua mteja anaweza kulipa kwa awamu. Nikaongeza mstari mmoja kwenye orodha ile, `Imelipwa_nusu`, ikiwa na kilicholipwa na kilichobaki ndani yake. Nikajenga programu. Ikakataa. Faili fulani, mstari fulani: orodha hii haijakamilika, mfano wa hali ambayo hukuishughulikia ni `Imelipwa_nusu`. Nikaenda, nikafikiri pale inapaswa kufanya nini, nikaandika, nikajenga tena. Ikanipeleka faili jingine, kisha jingine. Sehemu kumi na moja! Tatu kati yake sikukumbuka hata kama niliwahi kuziandika. Kwa dakika arobaini nilikuwa naongozwa kwenye msimbo wangu mwenyewe kama mgeni anayeonyeshwa vyumba.

Kwa wanaotaka undani: kompaila yenyewe hutoa onyo tu, onyo namba 8, lakini Dune, chombo cha kujengea programu za OCaml, wakati programu bado inaandikwa na kujaribiwa hulichukulia kuwa kosa, kwa hiyo huwezi kulipuuza.

Na kuna sehemu ya kumi na mbili, ambayo haikusema chochote. Pale nilikuwa mvivu nikaweka alama ya `_` peke yake, bila jina la hali mbele yake, yaani "chochote kingine", ile ile "vinginevyo" yangu ya zamani kwa mavazi mapya. Ukishaiweka, umemwambia kompaila afumbe macho, naye anafumba. Niliikuta kwa kusoma kwa jicho. Lipo onyo la kuwinda uzembe huo, namba 4, lakini limezimwa hadi uliwashe mwenyewe. Siku hiyo niliiondoa `_` ya namna hiyo kila nilipoweza kwenye aina zangu mwenyewe, na sijairudisha.

Jioni nilimfuata mzee mezani kwake nikamweleza. Alinisikiliza kama mtu anayesikia hadithi aliyokwisha kuisikia mara nyingi, akasema, "Ndiyo hiyo." Hakuongeza neno.

Tangu hapo nimewaelewa wale ninaowasikia wakiisifu lugha kama hii hadi wanakera. Wengi wao hawaisifu kwa sababu ya kuandika. Kuandika programu mpya ni rahisi kwa lugha yoyote; kazi ipo kwenye kubadilisha ya zamani, iliyoandikwa na mtu aliyehama au na wewe wa mwaka jana, ambaye ni karibu sawa na aliyehama. Wanaipenda siku ile ya sehemu kumi na moja. Kila mmoja anayo yake. Kuna anayekusimulia kuhusu thamani tupu (null), ishara ya kitu kisichokuwepo: Tony Hoare, mwanasayansi wa kompyuta, aliileta mwaka 1965, na mwaka 2009 akakiri hadharani kuwa lilikuwa kosa lake la dola bilioni. Kwenye OCaml kitu kinachoweza kukosekana hubeba alama hiyo kwenye aina yake, na huwezi kukitumia kabla ya kusema utafanya nini kisipokuwepo. Mwingine atakutajia Jane Street, kampuni ya biashara ya hisa ambayo mifumo yake mingi imeandikwa kwa OCaml, au atakumbusha kwamba kompaila ya kwanza ya Rust, lugha nyingine ya programu, iliandikwa kwa lugha hii. Hayo ni kweli, ila nadhani huyatamka kujitetea tu. Si hayo yaliyowateka.

Nikiri pia kwamba kuna majivuno ndani yake. Kujua kitu wasichokijua wengi kunapendeza, na nimejikuta nikitamka majina ya dhana kwenye mkutano pale ambapo mfano mmoja ungetosha. Kuna watu wameikimbia lugha hii kwa sababu yetu, siyo kwa sababu yake.

Na mapungufu yapo. Nilihitaji maktaba ya kusoma aina fulani ya faili za benki. Kwenye lugha yangu ya zamani zipo nne, kwenye OCaml sikupata hata moja inayotunzwa, nikaiandika mwenyewe kwa siku sita. Hadi toleo la 5.0 lilipotoka mwishoni mwa 2022, nyuzi za programu moja, yaani kazi zake zinazokwenda sambamba, hazikuweza kutekeleza msimbo wa OCaml kwa wakati mmoja kwenye viini kadhaa vya kompyuta. Ujumbe wa makosa mara nyingine hukuonyesha mstari wa 40 wakati kosa lenyewe ni kitu ulichosahau mstari wa 31. Kazi zinazotangazwa kwa lugha hii ni za kuhesabu kwa vidole.

Pigo lenyewe lilitoka kwa bosi, kwa upole kabisa. Mzee alikuwa amestaafu, na ngamia wake ameniachia. Bosi aliniita akauliza, "Wewe ukipata kazi kwingine kesho, nani atairekebisha hii?"

Sikuwa na jibu. Nilitaka kumweleza habari ya kompaila, nikaona swali lake haliihusu kompaila. Alinipa miezi mitatu: ama nipate mtu wa pili anayeweza kuishika programu ile, ama niirudishe kwenye lugha ya wote.

Nikawaomba wenzangu wawili, saa moja kila Alhamisi. Safari hii nilianza na kosa, historia na hisabati nikaziacha kando. Nilifungua faili la hali za oda, nikawaambia waongeze hali yoyote wanayoitaka kisha wajenge. Mmoja alikuja mara tatu akaacha. Alisema kichwa chake hakitaki, na sikumlaumu. Wa pili, binti aliyeanza kazi mwaka huo huo, aliongeza `Imepotea`, akajenga, akasoma kosa la kwanza, akaenda kulirekebisha. Akajenga tena, akasoma la pili.

"Kaka, hii inaniambia pa kwenda hadi mwisho?"

"Hadi mwisho. Isipokuwa palipo na `_` peke yake."

Akatafuta alama hiyo kwenye faili zote. Akaikuta moja ya namna hiyo niliyoisahau.