Nimeiona Turbinia kwa macho yangu

Jamani, leo nimesimama kando ya Turbinia, meli ya zamani ya turbini za mvuke, pale makumbusho ya Discovery mjini Newcastle, Uingereza. Ni chombo chembamba ajabu, urefu wake unapita mita 30. Nilipofika nyuma kwenye rafadha, yaani mapangaboi yanayozunguka majini kusukuma meli, miguu iligoma kuondoka.

Mhandisi Charles Parsons, aliyeiunda, alibuni turbini yake ya mvuke, yaani mashine inayozungushwa na mvuke, mwaka 1884. Hakuuacha mvuke utanuke wote kwa mkupuo. Aliupitisha kwenye safu nyingi za mapanga madogo, kila safu ikichukua sehemu yake ya nguvu. Kwanza aliitumia kuzalisha umeme, kisha akaipeleka baharini.

Baharini ndiko alikopata shida. Turbinia ilipojaribiwa 1894 kasi yake haikuridhisha: rafadha ilizunguka mbio mno, maji yakafanya mapovu, msukumo ukapotea. Parsons akatengeneza tangi dogo lenye kioo ili ayatazame mapovu yenyewe. Hapo ndipo ninapomvulia kofia! Wengi wangeongeza nguvu tu ya mashine. Yeye akabadilisha mpango mzima: mihimili mitatu ya kuzungusha, kila mmoja na rafadha tatu. Nilizihesabu zote tisa.

Juni 1897, kwenye gwaride la meli za kivita huko Spithead, wakati wa jubilei ya Malkia Victoria, Turbinia ilikatiza kati ya manowari bila mwaliko, na boti za doria zikashindwa kuifikia. Kasi yake ilipita kilomita 60 kwa saa. Ilipofika 1906, manowari ya Uingereza iitwayo Dreadnought iliingia kazini ikiendeshwa na turbini za Parsons.

Mafundi wenzangu, mkipita Newcastle ingieni. Hakuna kiingilio.