Kizimba cha Hamsta: Pima Sakafu na Kina Kwanza

Binti yangu ameomba hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya, kwa muda mrefu, na mimi na mama yake tumekubali kwa sharti moja: kizimba kitangulie, mnyama afuate. Tunaishi Ujerumani, ambako mtoto kufuga hamsta ni jambo la kawaida, na rafu za maduka ya wanyama zimejaa vizimba vya kila rangi, vyenye ngazi, mirija na vijumba vya plastiki. Baada ya kusoma, kuuliza na kupima, nimefikia uamuzi ambao napenda kuueleza kwa kirefu kwa ajili ya wazazi wenzangu. Vizimba vingi vinavyouzwa kwa jina la hamsta vimetengenezwa ili kumvutia mnunuzi, na ni vichache tu vinavyomfaa mnyama mwenyewe, kwa sababu hamsta ni mchimbaji, naye anahitaji sakafu pana na kina cha kuchimba kuliko pambo lolote tunaloweza kumnunulia.

Sababu ya jambo hili inaanzia kule anakotoka. Hamsta wa dhahabu, ambaye ni mkubwa kuliko spishi nyingine zinazofugwa majumbani, asili yake ni nchi kavu za kaskazini mwa Syria na kusini mwa Uturuki. Mwaka 1930 mwanazuolojia Israel Aharoni alipata mama mmoja na wanawe katika shimo lililochimbuliwa karibu na mji wa Aleppo, na kutokana na familia hiyo ndogo wametoka karibu hamsta wote wa dhahabu wanaofugwa leo. Miongo mingi baadaye, katika safari za mwaka 1997 na 1999, mtafiti Rolf Gattermann na wenzake walikwenda katika maeneo hayo na kuchunguza mashimo 30 ya hamsta wa porini. Waligundua kwamba mashimo hayo yalikwenda chini kati ya sentimita 36 na 106, kwa wastani wa sentimita 65, na kwamba hakuna hata shimo moja lililokuwa na hamsta wakubwa wawili.

Matokeo hayo yanajibu maswali mawili kwa mpigo. La kwanza ni lile ambalo binti yangu aliliuliza mara moja, la kama hamsta wake hatakuwa mpweke. Hatakuwa mpweke, kwa kuwa upweke ndio maisha yake. Hamsta wa dhahabu wawili wakiwekwa pamoja, hata wakiwa ndugu wa tumbo moja, huanza kupigana wakishakua, na mapigano hayo huweza kuishia kwa kifo. Kwa hiyo tunatafuta kizimba cha mnyama mmoja, na hakuna sababu ya kukipunguza kwa kuwa anayekaa humo ni mmoja. La pili linahusu kina. Mnyama ambaye kwa asili hushuka chini zaidi ya nusu mita hawezi kuridhika na maranda yaliyotandazwa kama zulia.

Kuhusu hilo kuna tafiti mbili zilizofanywa mjini Bern, Uswisi, ambazo zilinisaidia zaidi kuliko maelezo ya muuzaji yeyote. Katika utafiti wa kwanza, uliochapishwa mwaka 2006, hamsta wa dhahabu waliwekwa katika vizimba vyenye matandiko ya kina cha sentimita 10, 40 na 80. Wale wa sentimita 10 walitafuna waya za kizimba zaidi na kukimbia kwenye gurudumu zaidi kuliko wenzao. Utafiti wa pili, wa mwaka 2007, ulilinganisha sakafu za ukubwa wa namna nne, kuanzia sentimita za mraba 1,800 hadi 10,000. Kutafuna waya kulionekana katika ukubwa wote, lakini waliokuwa katika vizimba vidogo walitafuna kwa muda mrefu zaidi na mara nyingi zaidi. Tena walionekana wakipanda mara nyingi juu ya paa la kijumba chao, kana kwamba wanatafuta mahali pa ziada pa kukaa. Sentimita za mraba 1,800 ni kama 60 kwa 30, na atakayechukua futi ya kupimia dukani ataona kwamba vizimba vingi vya bei nafuu havizidi sana kipimo hicho.

Nasisitiza jambo la kutafuna waya kwa sababu watu wengi hudhani kwamba mnyama ananoa meno tu. Ni kweli kwamba meno ya hamsta hayaachi kukua na kwamba anahitaji vitu vya kutafuna, kama vijiti na mbao zisizopakwa rangi. Lakini hamsta anayesimama pale pale kila usiku akiuma waya ule ule, mpaka pua yake ikachubuka, haonyeshi afya wala uchangamfu. Anaonyesha kwamba mahali alipowekwa hapamtoshi.

Hapa Ujerumani sheria ya ulinzi wa wanyama, katika kifungu chake cha 2, inamtaka kila anayefuga mnyama amlishe, amtunze na kumpa makao yanayolingana na spishi yake na mahitaji yake. Sheria yenyewe haitaji sentimita za kizimba cha hamsta, ila chama cha madaktari wa mifugo wanaoshughulikia ustawi wa wanyama, TVT, kinapendekeza kipimo kisichopungua urefu wa sentimita 100, upana wa 50 na kimo cha 50. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Mimi naafiki urefu na upana huo kama mahali pa kuanzia, lakini kimo cha 50 nakiona kidogo, na sababu yangu ni ya hesabu tu. Tukijaza maranda hadi sentimita 30, zinabaki 20 juu yake, na gurudumu linalomfaa hamsta wa dhahabu lina kipenyo kisichopungua sentimita 28. Halitasimama humo, isipokuwa tulizamishe ndani ya maranda au tupunguze kina upande mmoja. Ndiyo maana tunatafuta kizimba chenye kimo cha sentimita 60 hadi 70, na kama urefu ukifika 120, itakuwa heri zaidi.

Jambo jingine ambalo wauzaji hulitumia ni ghorofa. Kizimba chembamba chenye sakafu tatu huelezwa kuwa na nafasi kubwa kwa kujumlisha sakafu zote pamoja, lakini hesabu hiyo haimsaidii mnyama. Hamsta haoni mbali vizuri na hakadirii kimo, kwa hiyo anaweza kutembea hadi ukingoni na kuanguka. Anahitaji eneo moja lisilokatika, ambalo anaweza kulitembea, kulichimba na kulipanga apendavyo. Jukwaa dogo la chini la kuwekea maji na gurudumu linafaa, mnara haufai.

Kuhusu aina za vizimba, kile cha waya chenye beseni la plastiki chini ndicho kinachopatikana kwa urahisi zaidi. Hewa hupita vizuri, na ni chepesi kubeba. Kasoro yake ni beseni lenyewe, ambalo mara nyingi lina kina cha sentimita 15 tu, na kila unapoongeza maranda mnyama huyarusha nje kupitia waya. Atakayeamua kukitumia hana budi kuzungushia kuta za plastiki ngumu au plaiwudi kwa ndani. Vile vya plastiki vyenye mirija sivitaki kabisa. Hamsta wa dhahabu aliyekua na kujaza vifuko vya mashavuni, anavyobebea chakula, hupita kwa shida katika mirija mingi, hewa humo ni nzito, na harufu ya mkojo hukaa.

Tangi la kioo, la namna ile ya kufugia samaki, ni jema kwa sababu linashika maranda mengi bila kumwaga, mtoto anaweza kuona mashimo yanavyochimbwa kando ya kioo, na mnyama hana waya wa kutafuna. Lazima lifunikwe kwa wavu wa chuma, kamwe si kwa kioo wala ubao, ili hewa izunguke. Uzito wake ni wa kufikiriwa mapema: tangi la mita moja likishajazwa halisogezwi tena kwa mtu mmoja, wala halipaswi kukaa juu ya meza dhaifu. Kizimba cha mbao chenye kioo mbele ni chepesi kidogo, na mlango wake wa mbele una faida kubwa, kwa kuwa mkono unaoshuka kutoka juu humtisha mnyama ambaye kwa asili huwindwa na ndege. Ila mlango huo lazima uanzie juu ya usawa wa maranda, vinginevyo kila ukifungua yatamwagika, na vile vya kusukuma kwa reli hukwama punje za mbao zikiingia. Mbao za ndani zinahitaji kupakwa vanishi ya maji isiyo na sumu, na kizimba kiachwe kikauke hadi harufu iishe, kwa sababu mkojo ukipenya kwenye mbao hautoki.

Maranda yasiwe ya mwerezi, ambayo mafuta yake yenye harufu kali hudhuru mapafu, na yasiwe yenye vumbi. Ukichanganya maranda na nyasi kavu kwa tabaka, kisha ukashindilia kwa kiganja, mashimo hayabomoki. Kwa kizimba cha mita moja kwa nusu mita, sentimita 30 za kina ni lita 150 za matandiko, hivyo ni busara kununua mifuko mikubwa. Ile pamba laini inayouzwa kama kitanda cha hamsta isinunuliwe hata kidogo: nyuzi zake hujifunga miguuni hadi damu ikakosa kupita, na zikimezwa huziba utumbo. Karatasi nyeupe za chooni zisizo na manukato, zikichanwa vipande, zinamtosha kujengea kiota.

Kuna tahadhari moja ambayo naiona haisemwi vya kutosha. Kitu chochote kizito, kiwe nyumba ya mbao, jiwe au bakuli la mchanga ambamo hamsta hujigaragaza ili kujisafisha, kisiwekwe juu ya maranda matupu. Hamsta atachimba chini yake, na kikititia kinaweza kumponda. Vitu hivyo viwekwe juu ya miguu au vigingi vinavyofika hadi sakafuni. Gurudumu nalo liwe na sehemu ya kukanyagia isiyo na mapengo, maana miguu hunasa katikati ya fito, na liwe kubwa kiasi kwamba mgongo wa mnyama unabaki umenyooka anapokimbia.

Wanaotaka hamsta vibete wasidhani kwamba udogo wa mwili unapunguza mahitaji ya sakafu. Wao nao ni wakimbiaji na wachimbaji, na kinachobadilika ni gurudumu, ambalo linaweza kuwa na kipenyo cha sentimita 20, na nafasi kati ya waya, ambayo inapaswa kuwa ndogo kuliko sentimita moja, kwa kuwa panapopita kichwa mwili nao hupita.

Mahali pa kukiweka kizimba panahitaji kuamuliwa kabla ya kukinunua, kwani ndipo panapoamua urefu wake. Chumba cha kulala cha mtoto sicho, kwa sababu hamsta huamka usiku na gurudumu hugeuka mpaka alfajiri. Karibu na televisheni na kompyuta si pazuri, kwani husikia sauti za juu ambazo sisi hatuzisikii. Dirishani jua hugeuza kioo kuwa tanuri. Joto la nyuzi 18 hadi 24 linamfaa, na likipita 30 maisha yake yako hatarini. Kwa ndugu walioko Mombasa au Dar es Salaam neno hili ni zito zaidi: huko ningechagua kizimba cha mbao chenye wavu wa chuma wa matundu madogo juu na katika sehemu ya juu ya kuta mbili, kazi ambayo fundi seremala anaiweza vizuri akipewa vipimo, kisha nikiweke kwenye chumba chenye ubaridi, na ndani yake kipande cha kigae ambacho mnyama anaweza kulalia. Chumba kisipokaa chini ya nyuzi 30 hata usiku, ningemshauri mtu asifuge hamsta.

Wengine huhofia kwamba kizimba kikubwa kitawapa kazi kubwa ya usafi. Kinyume chake ndicho kweli. Hamsta hukojoa sehemu ile ile, mara nyingi kwenye kona au kwenye mchanga, na katika kizimba kipana unaondoa sehemu hiyo tu na kuacha kwingine kote kama alivyokupanga. Kumwaga kila kitu na kuanza upya kila wiki, kama vizimba vidogo vinavyolazimisha, humwondolea mnyama harufu zake na akiba yake ya chakula, na humtia hofu.

Sisi tunaelekea kununua tangi la kioo lililotumika, lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 50 na kimo cha 60, kwa kuwa matangi yaliyotumika huuzwa kwa bei ya chini sana ikilinganishwa na mapya. Atakayefuata njia hiyo apitishe kidole kwenye kingo zote kutafuta mipasuko, aangalie kama silikoni ya pembeni imetafunwa au kubanduka, na aulize kilichokaa humo kabla. Tangi lililovuja maji bado linafaa kwa hamsta, ilimradi kioo hakijapasuka, na kwa sababu hiyo wenye samaki hukubali kulitoa kwa bei ndogo. Tutalisafisha kwa maji ya moto na siki, tutalisuuza, na kulianika hadi likauke kabisa. Wavu wa juu nitautengeneza mwenyewe kwa fremu ya mbao, kwa upande wa nje wa kingo ili usiweze kusukumwa kutoka ndani.